Daktari hakujibu ushauri wangu. Nilikosea wapi?

Mfamasia wa zamu:
Habari zenu wakuu. Nina mama wa miaka 71, mgonjwa wa presha. Cheti chake kina amlodipini miligramu 10, enalaprili 10, na sasa ameongezewa furosemaidi 40, dawa ya kukojoza, maana miguu imemvimba. Kwangu ilikuwa wazi: uvimbe umeletwa na amlodipini, na hiyo dawa ya tatu inatibu madhara ya dawa ya kwanza. Nikamwandikia daktari, "Uvimbe huenda ni madhara ya dawa, tafadhali angalia upya." Mwezi umepita, mama karudi na cheti kilekile. Imeniuma, sikuandika kwa kubahatisha. Nyie mnaandikaje mpaka mnasikilizwa?

Daktari wa kliniki:
Ukinifikia ujumbe huo wakati foleni iko mlangoni, nitauweka pembeni. "Angalia upya" inanirudishia mimi kazi yote. Niambie dawa ipi, ishuke hadi kiasi gani, nipime nini na lini. Halafu umejuaje kwamba furosemaidi si ya moyo? Hilo liko kwenye faili langu, wewe hulioni. Niulize kwanza.

Bi Mizani:
Kwenye amlodipini uko sahihi. Inatanua mishipa midogo, maji yanavujia kwenye vifundo vya miguu, ndiyo maana dawa ya kukojoza haisaidii sana. Dozi ikishuka, uvimbe nao hupungua. Ila huyo mama magoti hayamsumbui? Anameza nini kwa maumivu?

Mfamasia wa zamu:
Nimempigia sasa hivi. Ibuprofeni 400, mara tatu kwa siku, wiki ya tano hii! Ananunua kwingine. Sikumuuliza, na kumbe ndilo kubwa kuliko yote: ibuprofeni pamoja na enalaprili na furosemaidi inaweza kuziumiza figo, na yenyewe hupandisha presha na kuzuia maji mwilini. Nimemwambia aiache leo, atumie parasetamoli. Barua mpya hii hapa:

"Alikuwa anameza ibuprofeni kwa wiki 5, ameacha leo. Naomba apimwe damu kuangalia figo (kreatinini na potasiamu) wiki hii. Je, furosemaidi ni ya uvimbe tu, au ana tatizo la moyo? Kama ni uvimbe tu, napendekeza isitishwe, na amlodipini ishuke hadi miligramu 5. Nitampima presha hapa kila wiki na kukuletea namba baada ya wiki 2."

Daktari wa kliniki:
Hii ningeijibu siku hiyohiyo. Ongeza presha yake ya leo, na simu yako.