Klachi ya helikopta ya nitro: mapanga yanazunguka injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, lakini angani klachi inateleza

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Nina helikopta ya rimoti ya daraja la 50 (yaani ukubwa wa injini, takriban inchi za ujazo 0.50), ya injini ya nitro, yaani inayotumia mafuta ya methanoli na nitromethani, ambayo imeanza kuonyesha dalili mbili ninazoona zinapingana. Ya kwanza ni kwamba nikishaiwasha, mapanga yanataka kuzunguka hata kabla sijaongeza mafuta, kiasi kwamba nikiachia kichwa cha rota kinaanza kwenda chenyewe. Nikipunguza mzunguko wa chini ili klachi iachie, injini inazima. Ya pili ni kwamba ikiwa angani, nikiipandisha kwa nguvu, injini inapiga kelele ya kwenda kasi ilhali mapanga yanapungua mwendo. Klachi inayoshika mapema kiasi hicho inawezaje tena kuteleza inapohitajika? Plagi ni mpya, na mafuta ni yale yale ninayotumia siku zote. Naomba msaada kabla sijaanza kununua vipuri kwa kubahatisha.

Sindano ya Chini

Ndugu mleta mada, anza na kabureta. Mchanganyiko wa mzunguko wa chini ukiwa na mafuta mengi kupita kiasi, injini huwa nzito na huzima ukiishusha, hivyo mwenye helikopta hulazimika kuifungulia hewa zaidi ili isizime, na matokeo yake ni injini kuzunguka juu ya kiwango ambacho klachi inaanza kushika. Bana mpira wa mafuta kwa vidole injini ikiwa imetulia: ikipanda mzunguko waziwazi kabla ya kuzima, punguza mafuta kwenye sindano ya chini, yaani skrubu ya kabureta inayorekebisha mafuta ya mzunguko wa chini, kidogo kidogo.

Fundi wa Beringi

Ushauri wa mkuu hapo juu ni sahihi kwa dalili ya kwanza peke yake, ila hauielezi ya pili. Mimi nisingegusa sindano hata moja mpaka klachi ichunguzwe injini ikiwa imezimwa, kwa sababu klachi inayokwaruza huielemea injini na kuifanya izime ikishushwa, na dalili hiyo inafanana kabisa na kabureta iliyoharibika.

Kumbuka jinsi klachi hii inavyofanya kazi. Viatu vyake viwili kwa kawaida vimekatwa kutoka kipande kimoja cha chuma, na shingo nyembamba inayoviunga na kitovu ndiyo springi yenyewe. Mzunguko ukipanda, viatu vinatanuka na kuugusa utepe wa msuguano uliogandishwa ndani ya kikombe cha klachi. Nguvu ya kutanuka inakua kwa kipeo cha pili cha mzunguko, maana yake ni kwamba mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kwa hiyo klachi nzima huachia kabisa chini na hushika kwa nguvu nyingi juu; ikifanya kinyume katika pande zote mbili, kuna kitu kimevunjika, kimebanduka au kimelowa mafuta.

Zima injini, ondoa mapanga, kisha zungusha gia kubwa, ile ya mhimili wa rota, kwa kidole huku mwenzako ameshika feni ya kupozea injini. Kikombe kinatakiwa kuzunguka bila kukwama wala kukwaruza. Ukisikia mkwaruzo unaokuja na kupotea mahali pale pale katika kila mzunguko, shuku utepe uliobanduka au kiatu kilichopinda. Ukisikia uzito ulio sawasawa mzunguko mzima, shuku beringi ya kikombe. Methanoli iliyo kwenye mafuta haya hunyonya unyevu, na beringi iliyoachwa na mabaki yake huota kutu. Katika helikopta ambazo mhimili wa kuwashia unapita katikati ya kikombe, beringi iliyokwama inatosha kukiburuta kikombe hata kama viatu havijagusa kitu.

Vilevile usiihukumu klachi kwa dalili ya pili kabla ya kupima beringi ya upande mmoja iliyo kwenye gia kubwa, ile inayoruhusu mapanga kuendelea kuzunguka injini ikizima. Chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino unaokatiza kutoka kwenye gia hadi kwenye kitovu cha beringi, kisha shika gia na ujaribu kuuzungusha mhimili wa rota pande zote mbili. Upande mmoja uende huru. Upande wa pili usisogee hata unywele, na mstari ubaki umenyooka.

Mleta mada

Nashukuru sana mkuu. Beringi ya gia kubwa imeshika vizuri na mstari haukusogea. Mkwaruzo upo, na unarudi mahali pale pale kila kikombe kinapozunguka. Nimefungua: karibu robo ya utepe imebanduka na ncha yake imesimama kuelekea kwenye viatu, na sehemu iliyobaki ni nyeusi, inang'aa kama kioo na ina mafuta. Nje ya kikombe chuma kimegeuka rangi ya buluu. Viatu sioni ufa. Je, nigandishe upya kwa supa gluu?

Fundi wa Beringi

Basi dalili zako zote mbili zimepata jibu moja: ncha iliyosimama ndiyo inayoburuzwa injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na sehemu iliyolowa ndiyo inayoteleza ukiitwisha mzigo. Supa gluu hapana, kwa sababu hukatika haraka chini ya joto. Tumia epoksi ya kukauka taratibu na utepe mpya. Kwangua gundi ya zamani yote, kwaruza chuma kwa msasa, kisafishe kwa asetoni, na usiguse tena kwa vidole. Ncha za utepe zikutane bila kupandana, na uuache ukauke saa 24 ukiwa umebanwa kutoka ndani. Ile rangi ya buluu ni alama ya joto kali, kwa hiyo chunguza shingo za viatu kwa kioo cha kukuzia. Shingo iliyopoteza ugumu wake huacha kiatu kimetanuka daima, na hapo dawa ni kununua klachi nyingine.

Geji ya Mshale

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Utepe haujabanduka bure. Kwa uwiano wa gia wa 8.5 kwa 1, rota inayozunguka mara 1,800 kwa dakika inaifanya klachi izunguke mara 15,300, na hapo kuyumba kidogo tu kunakuwa kupigapiga. Kabla ya kuifunga, weka geji ya mshale, ile ya kupima kuyumba, kwenye ukingo wa feni, kisha kwenye klachi, na uzungushe kranki (mhimili mkuu wa injini) taratibu: mimi sikubali zaidi ya milimita 0.05, na hupendelea 0.03 au chini yake. Ikizidi, legeza, geuza feni kidogo juu ya kranki, kaza na upime tena. Mafuta yaliyolowesha utepe nayo yametoka mahali, na kwa kawaida ni beringi ya kikombe iliyotiwa grisi kupita kiasi au mabaki ya moshi yanayorushwa na feni. Usirudishe kikombe kabla hujajua ni lipi kati ya hayo.

Ukishafunga, rudisha mapanga kwanza, maana injini isiyo na mzigo hupanda mzunguko kupita kiasi. Washa ukiwa umeshika kichwa cha rota kwa nguvu, na hapo ndipo uguse ile sindano ya chini aliyoitaja mkuu wa kwanza.