Diwani akihama chama, aruhusiwe kugombea tena kata ile ile?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila ushabiki wa vyama.

Tuanze na Vingunguti, kata ya machinjio na biashara ya mbuzi, jimbo la Segerea, Dar es Salaam. Mwaka 2015 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walishindwa kuachiana Segerea: Mtatiro wa CUF akasimama, Anatropia wa CHADEMA naye akasimama, jimbo likabebwa na Bonnah Kaluwa wa CCM. Udiwani wa Vingunguti, hata hivyo, ulikwenda CUF kwa Omary Kumbilamoto. Wapinzani walikuwa wengi kwenye baraza la madiwani la Ilala, ambamo Vingunguti imo, wakamweka meya wa CHADEMA, na Kumbilamoto akawa naibu wake.

Mwaka 2018 akajiuzulu na kuhamia CCM. Kisheria, diwani akiacha chama kilichomdhamini, kiti kinakuwa wazi. Ukaitishwa uchaguzi mdogo, mgombea wa CCM akawa yeye yule, akashinda, na baadaye akawa meya wa Ilala. Februari 2021 Rais Magufuli alipoivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa Jiji, meya wake alikuwa yeye.

Simlaumu yeye, sheria inaruhusu. Mtulia wa Kinondoni na Waitara wa Ukonga walipita njia hiyo hiyo kwenye ubunge: walihama upinzani kwenda CCM, na wote wakachaguliwa tena mwaka 2018.

Ninachogombana nacho ni sheria yenyewe. Inasema kiti ni cha chama, ndiyo maana ukihama unakipoteza. Halafu inamruhusu aliyekipoteza kwa hiari yake akirudie ndani ya muhula ule ule, kwa gharama ya umma. Karatasi za kura zichapwe upya, wasimamizi walipwe posho, askari wapangwe vituoni, mpaka tumpate mtu tuliyekuwa naye tangu mwanzo! Fedha hizo zingezibua mitaro ya Vingunguti, ambako masika yakianza watu wanaoishi kando ya mto Msimbazi hawalali.

Najua jibu mtakalonipa: wananchi wenyewe wamemrudisha, wanamtaka mtu wala si chama. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini kama ni mtu, basi turuhusu mgombea binafsi, na anayehama aendelee na kiti chake bila uchaguzi mdogo. Hayati Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania hilo la mgombea binafsi mahakamani miaka mingi. Mahakama ya Rufani ikalikataa 2010, kisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikampa haki mwaka 2013. Mpaka leo huwezi kugombea hata udiwani bila kadi ya chama.

Msimamo wangu: maadamu mgombea binafsi haruhusiwi, anayejiuzulu ili kuhama chama asubiri uchaguzi mkuu. Kata ijazwe na mtu mwingine, hata kama chama kipya kinamtaka yeye. Ambaye chama chake kimekufa, au aliyefukuzwa uanachama, tumtofautishe, huyo hakuchagua kuondoka.

Anayepinga anieleze: mpiga kura wa 2015 aliyeipa CUF kura yake kwa sababu ya sera za CUF, nani alimuuliza kabla kiti chake hakijarudishwa sokoni?