Nitajuaje hewa chafu ya usiku wa baridi inatoka kwenye kuni au kwenye magari?

DirishaLaMtoto:
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa miaka sita ana pumu, na baridi ikiingia tu kifua kinambana usiku. Nimenunua kipima vumbi cha leza, nikakitundika nje ya dirisha lake. Mchana kinasoma mikrogramu 10 hadi 15 za PM2.5, yaani chembe ndogo sana za vumbi na moshi, kwa mita ya ujazo. Saa 12 jioni kinaanza kupanda, saa 4 usiku kimefika 70, na nguo nikichelewa kuzianua zinanuka moshi. Majirani wengi huota moto wa kuni, lakini nikisema ni kuni naambiwa ni magari. Nimechoka kubishana, nataka kupima. Inawezekana kutenganisha?

MtuWaVichujio:
Pole sana kwa mtoto, dada. Nimepima hewa miaka mingi. Hicho kipima chako kinaangalia tu jinsi chembe zinavyotawanya mwanga, hakijui zimetoka wapi. Tena usiku wa ukungu chembe hufyonza maji zikavimba, nacho kikatia chumvi.

Kuni zina alama yake. Selulosi ya mti ikiungua hutoa sukari iitwayo levoglukosani, na dizeli haina selulosi. Kwa hiyo tunavuta hewa saa 24 kupitia kichujio, kisha tunaitafuta sukari hiyo maabara. Kichujio huingia cheupe pe. Baada ya usiku wa kuni kinatoka na duara la hudhurungi, na ukikisogeza puani ni moshi mtupu.

Kazi iko kwenye hesabu. Kutoka kwenye sukari hiyo kwenda kwenye moshi wote unahitaji kizidisho, nacho hubadilika kwa aina ya mti, ubichi wa kuni na jiko lenyewe. Anayekupa asilimia moja kavu, bila kusema inaweza kushuka au kupanda kwa kiasi gani, usimwamini haraka.

Masizi370:
Naongezea. Kuna etalomita, inayopima jinsi masizi yanavyomeza mwanga wa mawimbi saba, nanomita 370 hadi 950. Moshi wa kuni humeza zaidi upande wa urujuanimno kuliko moshi wa dizeli, na majibu huja kila baada ya dakika chache. Kaboni 14, aina ya kaboni inayotoweka polepole kwa maelfu ya miaka, nayo husaidia: petroli imekaa ardhini mamilioni ya miaka, haina hata chembe yake, mti uliokatwa juzi unayo.

DirishaLaMtoto:
Asanteni. Maabara sina. Nyumbani nifanye nini?

MtuWaVichujio:
Andika saa na siku, Jumamosi na Jumapili usiziruke. Lakini saa peke yake hazitoshi: usiku wa baridi hewa ya joto hukaa juu kama kifuniko, ikabana moshi wa kila mtu, wa magari pia. Chukua vipimo vya gesi ya naitrojeni dioksaidi vya kituo cha umma cha kupima hewa kilicho karibu. Hiyo hutoka sana kwenye magari. Vumbi likipanda nayo ikabaki chini, magari hayawezi kubeba lawama yote.

DirishaLaMtoto:
Nimeangalia Jumamosi iliyopita. Saa 3 usiku naitrojeni dioksaidi ilikuwa inashuka, kipima changu kinapanda, mpaka saa 6. Usiku mmoja hautoshi, najua. Nimefungua daftari la msimu mzima, na dirisha nalifunga kabla ya saa 12.