Mtoto ana usaha tumboni, dokta hataki kupasua, anataka kupitisha mpira

bint_wete: Asalam alaykum. Nimevuka na boti kutoka Pemba na kijana wangu wa miaka 7, kidole tumbo kimempasukia, sie tukidhani mchango tukamkanda siku nne, kituoni wakatupa dawa ya minyoo tu. Ultrasaundi imeonesha jipu la sentimita 6. Dokta anasema hampasui, atamtoboa huku anaangalia ultrasaundi aache mpira usaha utoke. Babake hataki, anasema wanambahatisha mtoto. Mie naogopa sindano isije ikatoboa utumbo. Aliyepitia anambie.

nesi_mstaafu: Pole mwanangu. Hawabahatishi, sindano unaiona kwenye skrini inavyoshuka, kamstari keupe, ikifika kwenye usaha anavuta kidogo ahakikishe, anapitisha waya, sindano inatoka, mpira unaingia kwa kufuata waya. Namba 8 au 10, unene kama milimita 3, ncha inajikunja kama mkia wa kinyonga usichomoke. Atalazwa usingizi kwa dawa maana akitikisika tu sindano imehama. Kumpasua saa hivi matumbo yamevimba yamegandana, ndo rahisi kuyachana. Utumbo kutobolewa hutokea ila si sana, muulize dokta njia anaiona wazi? Utumbo ukikaa mbele ya jipu hawalazimishi. Na damu yake wapime kama inaganda vizuri.

yakhe_wa_mkoani: Wangu alikaa nao siku 6. Siku ya kwanza ulitoka kikombe kizima, harufu wacha tu, usiku homa ikashuka akaomba uji mamake akalia. Siku ya tatu mfuko wa kukingia usaha mkavu tukafurahi, kumbe mpira umeziba, alfajiri mtoto anachemka, nesi akasukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano ukafunguka. Kwa hiyo usaha ukikata ghafla na homa ipo usishangilie, ita mtu. Na plasta wabandike barabara, wangu aliukanyaga akienda chooni, nusura uchomoke.

bint_wete: Ahsanteni. Na hicho kidole tumbo kinabaki humo humo?

nesi_mstaafu: Kinabaki kwanza, na antibayotiki asikose hata dozi moja. Wengine wanarudishwa baada ya wiki 6 mpaka 8 kutolewa, wengine wanaachwa wakiangaliwa, hilo madaktari wenyewe hawakubaliani.

bint_wete: Nimempa babake simu asome mwenyewe. Kafika kwenye uji karudi juu anasoma tena.