Wameninyima PIP nikiwa Mombasa: nikate rufaa au niache?

Kutoka: binti wa Kibokoni (Leicester)

Asalaam aleikum ndugu zangu wa huko na wa huku.

Nawaandikia niko Kibokoni, kwa mama, nimekuja kwa majuma matatu. Juzi alasiri nimekaa barazani na kahawa yangu, binti yangu akanitumia picha za barua kutoka Leicester. Nikazikuza kwa kidole hiki hiki kisichokunjika, nikasoma: ombi langu la PIP, ile posho ya serikali ya Uingereza kwa wenye ugonjwa wa muda mrefu au ulemavu, limekataliwa. Barua imeandikwa tarehe 3, imefika mlangoni tarehe 9, mimi nimeiona tarehe 12. Sijui siku zangu zinahesabiwa kuanzia wapi, na hilo ndilo swali langu la kwanza. Mengine ni marefu kidogo, nivumilieni.

Wanaonijua wajua nina baridi yabisi, mwaka wa sita huu. Nilikuwa nyumba ya wazee, kazi ya kuinua na kugeuza watu, mpaka vidole vikakataa. Sasa nafanya saa chache za mapokezi kwenye ofisi moja. Asubuhi mikono haikunjuki mpaka yapata saa nne.

Mpimaji wa hiyo PIP alinipigia simu, tukazungumza karibu saa nzima. Mwanamke mpole, sina ubaya naye. Mwanzo kabisa akaniuliza, hujambo leo? Nami nikajibu kama nilivyolelewa: sijambo, namshukuru Mungu. Nyinyi mwajua hilo si jibu la ugonjwa. Mtu yuko kitandani hospitali ya Makadara, dripu mkononi, ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo, kisha ndio aanze kulia. Basi kwenye ripoti imeandikwa kwamba nilisema najisikia vizuri.

Akaniuliza kama napika. Nikasema ndiyo, kila siku. Wala sikusema uongo, jikoni ni kwangu. Lakini anayekata kitunguu ni binti yangu, anayeinua sufuria ni binti yangu, na nazi siku hizi ni ya mkebe kwa sababu mbuzi wa kukunia nimeshaagana naye zamani. Mkebe nao hufunguliwa na binti yangu. Mimi nimekaa kitini naelekeza, naonja chumvi. Kwetu anayeonja chumvi ndiye mpishi. Kwao alama hutolewa kwa usichokiweza, nami nimepewa sifuri ya kupika. Kuoga 2, kuvaa 2, jumla 4, na kiwango cha chini cha kulipwa ni 8. Kutembea pia sifuri, na hapo sina la kusema, miguu bado inanibeba.

Sasa nyumbani. Mama aliposikia alisema, achana nao, mtu haombwi mara mbili. Kwake hii ni sadaka, na sisi hatujafika mahali pa kunyoosha mikono. Kaka yangu ndiye aliyenikata maini zaidi: asema rufaa ni kuishtaki sirikali, na mgeni hamshtaki mwenyeji. Nina kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza tangu miaka mingi, lakini neno lake limenikaa. Usiku silali.

Kuna aliyepita njia hii? Niache, ama nirudi niombe upya mwakani hali ikizidi?

Kutoka: jirani wa zamani, Majengo (Luton)

Pole sana dada. Mimi langu ni moja tu: usiandike kwa hasira. Mwaka wa 2019 niliwaandikia kurasa nne za kumsema mpimaji, kwamba hakunisikiliza, kwamba alikuwa na haraka, kwamba hata jina langu alilitamka vibaya. Nilipomaliza nilijisikia nimeshinda vita. Katika kurasa zote nne hapakuwa na mstari mmoja unaosema siwezi kufunga vifungo vya shati. Wakakataa tena, nami nikaliacha hapo. Ile barua ninayo, huisoma mara moja moja nikitaka kujicheka.

Kutoka: mamkubwa wa Likoni (Reading)

Mwanangu, aleikum salaam. Nimekuwa nikiwasindikiza watu kwenye mambo haya kwa miaka, kwa kujitolea tu, mimi si wakili. Kaa kitako.

Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Tarehe iliyofika mlangoni haihesabiwi, wala uliyoisoma barazani. Una mwezi mmoja kutoka tarehe 3. Ukichelewa kwa sababu ya maana waweza kuomba wakupokee, mpaka miezi kumi na mitatu tangu uamuzi, lakini usijitie huko, kwa sababu hapo sababu yako itapimwa na wao. Piga simu kesho, waambie unataka uamuzi uangaliwe upya. Papo hapo waombe nakala ya ripoti ya mpimaji kama huna yote. Kisha andika, usiachie kwenye simu peke yake.

Hatua hii ya kuangaliwa upya bado si rufaa. Ni mtu mwingine wa idara ile ile iliyokunyima anayelisoma faili lako. Wengi wanajibiwa hapana hapa pia, na wengi huishia hapa kwa kuvunjika moyo, na hilo ndilo kosa. Ukishapata jibu la pili una mwezi mwingine wa kukata rufaa yenyewe, kwenye baraza la rufaa, na hilo si la idara. Kwa PIP kawaida hukaa watu watatu: hakimu, daktari, na mtu anayejua maisha ya ulemavu. Hulipi kitu. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya kesi za PIP zinazosikilizwa pale zimekwenda upande wa mwombaji. Kwa hiyo mwambie kaka yako, kwa heshima, kwamba hakuna anayeshtakiwa. Ni mlango uliowekwa na sheria yao wenyewe, na barua hiyo hiyo iliyokunyima, ukurasa wa nyuma, inakuonyesha ulipo.

Sasa alama. Umehesabu? Unazo 4. Katika kupika, mtu anayehitaji msaada wa mtu mwingine kutayarisha au kupika chakula chepesi hupewa 4. Nne na nne ni nane. Hutafuti mlima, watafuta kitunguu kimoja. Na chakula chenyewe si biriani ya harusi, ni chakula cha mtu mmoja kutokana na vitu vibichi: kumenya, kukata, kupika juu ya jiko. Kuinama kwenye joko hakuhesabiwi, usipoteze wino huko.

Kuna mambo manne ambayo kila jibu lako lazima liyapitie, na watu wetu huyaruka. Kitu unakifanya bila hatari? Unakifanya vizuri inavyotosha? Waweza kukirudia kila kinapohitajika? Na hakikuchukui zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya? Moja likikosekana, kwa sheria yao hukiwezi, hata kama siku moja ulijikaza ukakifanya. Na wanaangalia siku nyingi, yaani zaidi ya nusu ya siku zako. Kwa hiyo usiandike «wakati mwingine naumwa». Andika siku tano kati ya saba, au ngapi zilivyo kweli. Usizidishe hata moja, kwa sababu hakimu atakuuliza na daktari amekaa pembeni yake.

Binti yako aandike barua yake mwenyewe, kwa maneno yake, kisu anakishika nani. Daktari wako wa Leicester aandike kuhusu mikono, asiandike jina la ugonjwa tu. Jina la ugonjwa halina alama. Ukitaka barua ya daktari wa Mombasa pia ni sawa, lakini kumbuka baraza huangalia ulivyokuwa siku ya uamuzi. Ukizidiwa baadaye hiyo ni habari ya ombi jipya. Ndiyo maana sikushauri usubiri mwakani: ukishinda rufaa hulipwa nyuma, ukiomba upya unaanza moja.

Kuna hatari moja, sitakuficha. Wanaoangalia upya wanaweza pia kukupunguzia ulicho nacho. Wewe huna unachopokea, kwa hiyo hakuna cha kukupunguzia, lakini aliyepewa kiwango kidogo na anataka kikubwa afikirie kwanza.

Mama naye mwambie kwamba PIP haiangalii akiba wala mshahara, na hata wanaofanya kazi hupewa. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kiwango cha kawaida cha matunzo ya kila siku kilikuwa pauni 73.90 kwa juma. Hiyo sadaka gani ina hesabu ya senti?

Kwa wengine wanaosoma: wenye viza iliyozuiwa fedha za umma, hii si yenu. PIP imo katika orodha ya fedha za umma, na kuiomba kunaweza kuiharibia viza yako. Muulizeni mwanasheria kwanza. Huyu ndugu yetu ana kibali cha kudumu, ni jambo jingine.

Halafu wewe, ukifika kwenye baraza, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Ni bure. Najua Kiingereza chako ni kizuri, lakini umeona kilichotokea kwa «sijambo». Wala usimtegemee binti yako akutafsirie, hawamkubali mtu wa nyumbani. Na usipange kutoa ushahidi kwa video ukiwa huko Kibokoni. Kusema mbele ya baraza lao ukiwa nchi nyingine kuna ruhusa zake, si kufungua simu tu. Kwenye ofisi za Citizens Advice, shirika la kuwashauri raia, watakusaidia kuandika, bila malipo.

Kutoka: binamu, Kisauni

Mimi niko hapa hapa Mombasa, nimejitia mazungumzo ya watu wa ng'ambo, mtanisamehe.

Mwanangu wa pili hatembei. Kumwandikisha kwenye lile baraza la taifa la watu wenye ulemavu nilimbeba mgongoni, nikamweka mbele ya madaktari, nikavua nguo za mtoto mbele ya watu nisiowajua wamuone miguu. Huku mpango wa serikali kwa wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Elfu mbili, mwaijua inanunua nini soko la Kongowea. Na sikuona haya, kwa sababu si zangu, ni za mtoto.

Kwa kaka yetu anayesema mgeni hamshtaki mwenyeji: dada amekatwa kodi huko miaka mingapi? Huyo si mgeni, huyo ni mpangaji. Mpangaji akiona paa lavuja hugonga mlango. Jioni nitapita Kibokoni nimwambie mwenyewe, na shangazi aniwekee mahamri.

Kutoka: jirani wa zamani, Majengo (Luton)

Mamkubwa, hayo mambo manne ungeniambia 2019!

Kutoka: mamkubwa wa Likoni (Reading)

Hukuniuliza. Ulikuwa una vita.

Kutoka: binti wa Kibokoni (Leicester)

Nimerudi kuwapa habari, na ahsanteni, nimesoma yote mara tatu, moja kwa sauti nikimsomea mama.

Binamu alikuja kweli. Yeye na kaka walizungumza mpaka isha, sikuwasikiliza, nilisikia tu neno «mpangaji» na vicheko. Kaka hakuniambia amebadili rai, ila asubuhi alikuja na daftari la mistari na kalamu nene ya wino laini, ya kushikika. Nimelichukua kuwa ndio jawabu lake.

Kwenye daftari mama ndiye aliyenisaidia, na hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimeandika mambo sita. Akaketi karibu yangu, akaanza: hukuandika sidiria, mwanao ndiye anayekufunga. Hukuandika chupa ya dawa, jana ulinipa mimi niifungue. Hukuandika kwamba chai waishika kwa viganja viwili kama mtoto. Nikamwambia, mama, wewe si ulisema niachane nao? Akasema, nilisema usiombe. Hili si ombi, hii ni hesabu. Tulifika mambo kumi na tisa. Lile la sidiria nilitaka kulifuta, akaniwekea mkono juu ya karatasi.

Kilichoniuma, na nakisema hapa kwa kuwa ni nyinyi, ni kuyaona yote pamoja. Siku zote nayapitisha moja moja, hili leo, lile kesho, na maisha yanakwenda. Ukiyapanga kwenye ukurasa mmoja huonekana kama mtu mwingine, mzee kuliko mimi. Nililia kidogo, kisha tukala.

Simu niliipiga Jumatatu. Chini kwa mama mtandao huja na kuondoka, nikapanda darini, upepo wa kaskazi unavuma, saa sita ya mchana huku, kwao saa tatu asubuhi, ndio kwanza wamefungua. Nikawekwa kusubiri na ule muziki wao. Adhana ya adhuhuri ikaanza, msikiti huu na ule, muziki ukapotelea ndani yake. Nilidhani nitakata. Sikukata. Kidogo sauti ikaja, kijana, akachukua jina na nambari yangu, halafu akaniuliza kwa upole, hujambo leo?

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikanyamaza, mpaka akadhani simu imekatika. Kisha nikamwambia, leo siwezi hata kuishika hii simu, nimeiweka juu ya ukuta.