Tupeane uzoefu: wazee wetu waliopigana vita, mnawaenzi vipi wangali hai?

Mwana wa Kyaka (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Siku ya Mashujaa ndiyo hiyo imepita. Kama kila Julai 25, Rais kaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi kaweka sime, mabalozi wameleta shada lao la maua, mzee wa Tanzania Legion, chama cha askari wa zamani, kaweka shoka. Tarumbeta likalia, mizinga ikapigwa, tukahamia kwenye mpira. Sina ugomvi na sherehe hizo, na kusema kweli shoka la yule mzee hunigusa kuliko vingine vyote. Ila nyumbani kwetu yupo mzee aliyevuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda mwaka 1979, vita ya Kagera, akiwa mgambo, na tarehe 26 aliamka akaenda kupalilia migomba kama kawaida.

Miaka yote wajukuu walikuwa wakimuuliza, "Babu, uliua wangapi?" Anainuka, anaenda kufunga mbuzi. Jioni moja mke wangu akamuuliza tu, "Baba, huko mlikuwa mnakula nini?" Weee! Mzee alifunguka mpaka taa ya sola ikaisha chaji. Maharage yanayoliwa hayajaiva kwa sababu moto hauruhusiwi usiku. Ng'ombe waliochangwa na wananchi, wakafika wamekonda kuliko askari. Soksi iliyogandia mguuni, ukiivua inatoka na ngozi. Watu wanasahau kwamba jeshi lile lilitembea kwa miguu: kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na mtu kabeba bunduki, risasi na sufuria.

Tumejifunza pia pa kutomgusa. Simulizi yake ikifika Lukaya, pale barabara inapopita katikati ya mafunjo, ambako Walibya walikuja kumsaidia Amin, anaruka. Yuko Masaka, mara yuko Kampala, Aprili 11, watu wanashangilia. Tunamwacha aruke.

Haya, nyie wenzangu mmefanyaje na wazee wenu? Siulizi ya serikali, nauliza ya nyumbani.

Binti Sajenti

Asante kwa mada, kaka. Wangu alikuwa mwajiriwa wa JWTZ, kastaafu sajenti, tuko Mtwara. Nitaongea ya makaratasi maana watu wanayadharau.

Mzee alianza kusumbuliwa na goti lenye kipande cha chuma. Tukaenda ofisi moja, tukaambiwa namba yake ya jeshi haionekani. Njoo wiki ijayo, njoo mwezi ujao, mwenye faili yuko likizo. Nikageuza sanduku lake la bati chini juu. Nishani ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na vifungo na sindano za mama. Chini kabisa nikakuta barua ya taipureta ya mwaka 1977, namba ipo, kikosi kipo, tarehe ya kuandikishwa ipo. Nilipoipeleka, faili likapatikana siku hiyo hiyo, na mwenye likizo naye akapatikana.

Kwa hiyo ndugu zangu, pigeni picha kila karatasi mzee angali hai na anaweza kueleza hii ni ya nini. Na cheti cha ndoa msikiache nje. Wajane ndio wanaozungushwa kuliko wote, kwa sababu namba ya marehemu hawaijui na kikosi chake hawakijui, walichojua ni kusubiri.

Jingine: huwa nampeleka Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa wakati wa ukombozi wa Msumbiji. Hasemi kitu pale. Anazunguka akisoma majina kwa sauti ndogo, anavaa kofia, tunaondoka.

Mutua wa Machakos

Hamjambo majirani. Wa kwetu ni wa zamani zaidi. Babu alikuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), vita ya pili ya dunia akapelekwa Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa mpaka mto Chindwin. Alikufa nikiwa kidato cha pili kwa hiyo nilimwahi. Hakuwa anaongea juu ya Wajapani sana, hasira yake ilikuwa malipo. Mzungu na Mwafrika wamelala handaki moja, siku ya kurudi nyumbani mmoja anapewa fungu, mwingine anapewa makombo. Aliirudia hiyo hadithi kila Krismasi na mbuzi akiwa motoni.

Mimi nilifanya kitu kimoja. Nikiwa na watoto Nairobi, nawapitisha pale Kenyatta Avenue kwenye zile sanamu za askari na wapagazi wa vita ya kwanza. Sio vita ya babu, najua, lakini ndizo sanamu ninazoweza kufika kwa matatu. Kijana wangu aliuliza mbona huyo mmoja hana bunduki. Ilibidi nimweleze habari za wapagazi, maelfu kwa maelfu waliokufa kwa magonjwa na njaa wakibebea watu mizigo. Hilo swali lilinifurahisha kuliko kitabu chote cha historia alichobeba.

Kobe Mzee

Mada nzuri ila mnaipaka asali.

Baba alirudi 1979 mzima, viungo vyote. Usiku alikuwa anaruka kitandani, anamkaba mama huku kalala. Mama akahamia chumba cha watoto, majirani wakasema ndoa imekufa, wengine wakasema karogwa huko Uganda. Hakuna aliyesema ni ugonjwa, na hakuna aliyempeleka hospitali, maana utamwambia daktari nini? Kwamba askari anaogopa?

Sasa ana miaka zaidi ya 70. Kumuenzi kwetu hakuna picha ya kuwaonyesha. Desemba 31 mmoja wetu anampeleka shamba kabla ya jua kuzama, mbali na mji, ili fataki zikianza saa sita asizisikie. Mlango wake haugongwi kwa nguvu. Ukimwamsha unasimama miguuni kwake na kumwita kwa jina, humgusi bega. Wakwe wote wapya tunawafundisha hilo kabla ya kuwaonyesha choo kilipo.

Mwana wa Kyaka

Kobe, hii nimeisoma mara mbili. Asante sana mkuu. Hilo la kusimama miguuni nalichukua.

Tandiboi Mstaafu

Naomba kuuliza, na msinicheke. Mzee wangu hakuwa askari wala mgambo. Alikuwa dereva wa lori la mtu binafsi. Magari yalipochukuliwa kwa ajili ya vita, lake lilichukuliwa na yeye ndani yake. Kapeleka risasi na unga mbele, karudi na majeruhi na maiti, huku anaendesha bila taa. Lori lilirudi halina kioo hata kimoja. Yeye akarudi kwa tajiri wake akaambiwa atafute kazi nyingine, gari limeharibika.

Hana nishani, hana namba, hana kikosi. Je, naye ni wa kuandikwa kwenye uzi huu?

Binti Sajenti

Aandikwe mara mbili! Baba hapa kasikia nikimsomea, anasema bila madereva wangeshikana makoo na Amin kwa mikono mitupu. Anauliza mzee alikuwa anaendesha gari gani.

Tandiboi Mstaafu

Fiat ya tani saba. Hahaha, nimemwambia kuna sajenti kamuulizia, kakaa sawa kwenye kiti.

Nnalongo

Mimi natoka Masaka, Kiswahili changu mtanisamehe, nilikiokota Mwanza kwenye biashara ya samaki. Nasoma hapa na roho inakuwa nusu nusu.

Bakombozi, ndivyo tulivyowaita askari wenu, walimwondoa Amin, na jjajja (bibi) wangu aliwapikia matooke, walilipa au hawakulipa alipika tu. Kaka yake alichukuliwa na watu wa Amin mwaka 1973, hakuonekana tena, ndiyo sababu alipika. Lakini mji wetu ulivunjwa Februari ile ya 1979, hata nyumba ya jjajja iliangushwa na kombora. Alikuwa anasema yote mawili kwa pumzi moja, bila kuona shida. Mkiwaenzi wazee wenu, na mimi nafurahi, ila mkiwauliza habari za chakula, ulizeni pia nani aliwapikia.

Mwana wa Kyaka

Karibu sana dada. Hapa kwetu Kyaka magofu ya kanisa bado yamesimama, kwa hiyo habari ya nyumba kuangushwa tunaielewa. Swali lako nitampelekea mzee kesho asubuhi, jioni huwa anachoka.

Mjukuu wa Mpishi

Wakuu, samahani natoka nje ya mada kidogo. Babu yangu alikuwa mpishi katika Brigedi ya 206, waliokwenda upande wa Mbarara. Yuko Singida, macho yameisha ila kumbukumbu iko vizuri. Kila siku anataja wenzake watatu na hajui kama wapo hai. Majina halisi hakumbuki, ni ya utani tu: mmoja Mfaume, mrefu sana, anacheka kwa pua. Mwingine Tairi, alikuwa anashona viatu kwa mpira wa gari. Wa tatu wanamwita Babu Newala ingawa alikuwa kijana kuliko wote. Kama kuna mwenye mzee aliyepita brigedi hiyo amuulize tafadhali, nimpe babu asikilize simu.

Chikongo

Huyo Tairi anashonea viatu mkono wa kushoto? Kama ndiyo, nitumie namba yako inbox sasa hivi.