Tumelipia kukanyaga barafu, tukapelekwa kusimama juu ya kioo!

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu Jumamosi na mke wangu kashachoka kunisikiliza, kwa hiyo nimewaletea ninyi. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

Mama mkwe wangu amekuja Kanada kututembelea. Ana miaka 71 na kaomba kitu kimoja tu: aiguse barafu ya mlimani kwa mkono wake, siyo ya kwenye friji. Basi nikatafuta wakala. Akanitumia picha, ulimi mkubwa mweupe wa barafu umeshuka bondeni na watu wamesimama mbele yake wanacheka. "Mnashuka kwenye gari, mnakanyaga barafu, saa kumi jioni mmesharudi Calgary." Nikalipia watu watano, gari humo humo, tiketi humo humo.

Tuanze na hiyo saa kumi. Kutoka Calgary mpaka Athabasca, huo mto wa barafu wenyewe, ni kama kilomita 300 kwenda tu. Ukifika Lake Louise unashika barabara namba 93 ya kwenda Jasper, kilomita 230 hivi za milima mitupu. Ratiba yake inasema kwenda ni mwendo wa saa mbili na nusu, kana kwamba tunapaa. Na barabara ile haikuachii upite hivi hivi. Tulisimama Bow Lake, tukasimama Peyto, na sitasema uongo, rangi ya Peyto sijawahi kuona. Feruzi tupu! Kumbe barafu inapotambaa inasaga mawe yanakuwa unga laini, ule unga unaelea ziwani bila kuzama, mwanga ukiupiga ndiyo unapata rangi ile. Mama alidhani wametia dawa. Hapo sina malalamiko.

Malalamiko yako kwenye mafuta. Gari tumekabidhiwa tanki nusu. Nilimuuliza mapema, akanijibu vituo viko kila mahali, huku siyo porini. Wakuu, ni porini. Kati ya Lake Louise na Jasper kituo ni kimoja, pale Saskatchewan River Crossing, na majira ya baridi nacho kinafungwa. Mtandao ndiyo usahau, ukishaiacha Lake Louise simu inabaki ya kuangalia saa. Taa ya njano ikawaka. Mke wangu akanyoosha mkono akazima AC bila kusema neno. Mimi nimeona, yeye anajua nimeona, hakuna aliyefungua mdomo mpaka tulipoiona pampu.

Tumefika kituo cha wageni, barafu inaonekana ng'ambo ya barabara, watoto wanaruka. Natoa tiketi. Dada wa kaunta anaitazama, ananitazama mimi, anaitazama tena. Hii siyo ya barafu. Wanaopanda kwenye barafu wanachukuliwa na mabasi makubwa, tairi zake zimempita kimo mwanangu mkubwa. Tiketi zetu ni za daraja la kioo, kilomita sita kutoka pale, lile lililofunguliwa 2014. Sakafu ni kioo, na chini ya kioo ni mita 280 za hewa mpaka bonde la Sunwapta. Mabasi yamejaa siku nzima, hata kulipa upya haiwezekani.

Najua kuna atakayesema ningesoma tiketi kabla ya kuondoka. Sawa, nimekubali, nicheke. Lakini nililipa mtu ili asome kwa niaba yangu.

Sasa mama huyu ni mtu ambaye kwangu ghorofa ya nne hasogelei dirisha. Nimempeleka. Akachungulia mara moja, akarudi nyuma akashika nguzo. "Baba Neema, mimi nimekuja kuona barafu, sikuja kufa." Akakaa kwenye benchi na tiketi yake mkononi.

Tukarudi kwenye njia ya miguu inayokwenda kwenye ncha ya barafu, ambayo haina hata tiketi. Tumevaa fulana, maana ratiba imeandika "Julai ni kiangazi, msibebe makoti". Hewa inayolala juu ya barafu inapoa, inakuwa nzito, inateremka bondeni kama maji ya mfereji, haina habari na Julai yako. Mama kajifunga kanga mbili, mdogo kaingia ndani ya moja.

Njiani wamechomeka vibao vya miaka: mwaka huu barafu ilikuwa inaishia hapa. Unapita kimoja, unapanda, unakuta kingine. Nilipofika cha 1992 nikatoa simu, nikafungua ile picha ya wakala. Mlima uleule, ule mteremko wenye matabaka kushoto. Ila kwenye picha ni barafu, mbele yangu ni kokoto, maji ya kijivu, kokoto tena, halafu huko juu kabisa ukingo mchafu kama gunia la mkaa. Barafu hii imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu katika miaka 125, zaidi ya nusu ya ujazo wake haipo tena. Hilo simlaumu yeye, ni joto la dunia nzima. Namlaumu kwa kuniuzia mahali ambapo hajawahi kukanyaga, kwa picha ya zamani za kale.

Na mwisho wa njia kuna kamba. Kibao kinaeleza kuna watu wamewahi kutumbukia kwenye nyufa zilizofichwa na theluji, wakafa kwa baridi kabla hawajaopolewa. Kwa hiyo kugusa hakuna. Mama akasimama pale kidogo, kisha akainama kwenye kijito kinachotoka chini ya barafu, akatia vidole, akavitoa mbio. "Basi hii asubuhi ilikuwa barafu," akasema, akavifuta kwenye kanga.

Tumeingia nyumbani saa sita usiku.

Nimedai hela ya tiketi tano tu, mengine nimesamehe. Jibu lake: "Ndugu mteja, safari ilifanyika na barafu mliiona." Nikamtumia picha ya kibao cha 1992 pamoja na picha yake. Tiki mbili za bluu tangu juzi, kimya.